Fundi wa Ufa na Fundi wa Ukuta: Jinsi Tembe Mpya za Saratani Zinavyofanya Kazi

Haya ni maandishi ya hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wahamasishaji wa afya ya jamii na wakazi waliokusanyika katika ukumbi wa makao makuu ya kaunti, Oktoba, mwezi wa uhamasisho kuhusu saratani ya matiti.

 

Huenda mnajiuliza kwa nini leo amesimama mtu wa mawasiliano badala ya daktari. Sababu ni kwamba tangu mwaka huu uanze, dawati letu la habari limekuwa likipokea swali moja, kwa simu, kwa jumbe na kwa watu wanaofika wenyewe. Swali ni hili: je, ni kweli kuna tembe inayoua saratani bila dripu? Baadhi ya wanaouliza wanataka tu kujua. Lakini wako wanaouliza kwa sababu wana mgonjwa nyumbani, na mgonjwa huyo amekataa kurudi hospitalini kwa matibabu yake. Anasema anangoja hiyo tembe.

Idara ya afya iliniomba nikae na madaktari wetu, nisome, kisha niwaeleze jambo hili kwa lugha tunayozungumza nyumbani. Mimi ni mwanahabari kwa kusomea. Kwa hivyo, nitakayosema yawasaidie kuelewa na kuuliza maswali mazuri, lakini yasichukue nafasi ya daktari wako.

Jibu fupi: ndiyo, tembe za aina hiyo zipo, na zimewasaidia watu wengi. Lakini si za kila saratani, si za kila mgonjwa, na mara nyingi huja baada ya matibabu ya kawaida, si mahali pake. Jibu refu linahitaji tuanze na mwili wenyewe.

Mwili unaokarabatiwa kila siku

Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ndani ya karibu kila seli kuna DNA, yaani maandishi ya urithi yanayoiambia seli ifanye nini, lini igawanyike na lini iache. DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Nusu ya maandishi hayo tumepewa na mama, nusu tumepewa na baba.

Maandishi hayo huharibika kila siku. Jua huyaharibu. Moshi wa sigara huyaharibu. Hata maji na hewa ya oksijeni iliyo ndani ya seli yenyewe huyaharibu. Wanasayansi wanakadiria kwamba kila seli hupata majeraha makumi ya maelfu katika DNA yake kwa siku moja tu. Mtu akisikia hivyo atauliza: sasa tunaishi vipi?

Tunaishi kwa sababu seli ina mafundi wake. Mafundi hawa huitwa vimeng'enya, na kazi yao ni kupita wakikagua DNA, kukata palipoharibika na kutia kipande kizima. Mwaka wa 2015, wanasayansi watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuonyesha jinsi mafundi hao wanavyofanya kazi: Tomas Lindahl wa Sweden, Paul Modrich wa Marekani, na Aziz Sancar aliyezaliwa Savur, mji mdogo kusini-mashariki mwa Uturuki. Wazazi wa Sancar hawakujua kusoma wala kuandika, na yeye alikuwa daktari wa mashambani kabla ya kuingia katika utafiti. Nawataja kwa sababu dawa tunazozungumzia leo zimetokana na kazi ya miaka mingi ya watu waliotaka tu kujua seli hujikarabati vipi.

Ufa na ukuta

Sisi Waswahili tuna methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukishika methali hiyo, umeshika sayansi yote ya leo.

Nimesema DNA ina nyuzi mbili. Mara nyingi hukatika uzi mmoja tu. Huo ni ufa. Kamba bado imeshika, lakini isipotengenezwa itakuja kukatika yote. Kuna kimeng'enya kiitwacho PARP ambacho ndicho hugundua ufa wa namna hii na kuita wenzake waje kuuziba. Tukiite fundi wa ufa.

Ufa usipozibwa, tatizo huonekana seli inapotaka kugawanyika. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote, mwanzo hadi mwisho. Kazi ya kunakili ikifika pale penye uzi uliokatika, kamba yote hukatika. Ukuta umeanguka.

Ukuta ukianguka, huitwa mafundi wengine. Wawili mashuhuri kati yao ni BRCA1 na BRCA2. Hawa hutumia nakala ya DNA iliyo nzima, kama fundi anayeangalia ramani ya nyumba, na kujenga upya bila kukosea. Tuwaite mafundi wa ukuta.

Kwa hivyo seli yenye afya ina kinga mbili. Fundi wa ufa akikosekana kwa muda, nyufa zitakuwa kuta zilizoanguka, lakini fundi wa ukuta atazijenga. Seli itachoka, lakini itaishi.

Fundi wa ukuta anapokosekana

Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya BRCA1 au BRCA2. Wamerithi jeni moja nzima kutoka kwa mzazi mmoja na jeni moja mbovu kutoka kwa mwingine. Jeni ile moja nzima hutosha kuendesha kazi, na mtu huishi kama watu wengine. Taabu huja ikiwa, miaka mingi baadaye, seli moja katika titi au katika ovari itapoteza hata ile jeni nzima. Seli hiyo haina tena fundi wa ukuta. Inapovunjika, inaunganisha vipande ovyo, makosa yanarundikana, na mwishowe inaweza kusahau kuacha kugawanyika. Hiyo ndiyo saratani.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi hawakuamini kwamba saratani ya matiti inaweza kurithiwa kwa njia ya jeni moja. Mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alifuatilia familia zenye wagonjwa wengi kwa zaidi ya miaka 15, na mwaka wa 1990 akaonyesha mahali jeni hiyo ilipo, kwenye kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ilitambuliwa kikamilifu mwaka wa 1994, na BRCA2 ikafuata mwaka wa 1995.

Uzito wa kurithi hitilafu hii si mdogo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 10 wenye hitilafu ya BRCA1 au BRCA2, takriban 7 watapata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Kwa saratani ya ovari, ni takriban 4 kati ya 10 kwa wenye hitilafu ya BRCA1, na chini ya 2 kati ya 10 kwa wenye ya BRCA2.

Lakini tusitishane bure. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawakurithi hitilafu yoyote ya namna hii. Kwa jumla, inayorithiwa hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10.

Ugunduzi wa 2005

Sasa fikirieni seli ya saratani isiyo na fundi wa ukuta. Inaishi kwa kumtegemea nani? Inamtegemea fundi wa ufa peke yake. Ikiwa nyufa zote zitazibwa mapema, hakuna ukuta utakaoanguka. Hiyo ndiyo salama yake, na hana mwingine.

Mwaka wa 2005, vikundi viwili vya watafiti nchini Uingereza vilichapisha matokeo yao katika toleo moja la jarida la Nature. Kimoja kiliongozwa na Thomas Helleday wa Chuo Kikuu cha Sheffield, akishirikiana na wenzake wa Newcastle. Kingine kilikuwa cha Alan Ashworth na wenzake wa Taasisi ya Utafiti wa Saratani jijini London, wakishirikiana na kampuni iliyoanzishwa na Steve Jackson wa Cambridge. Wote walionyesha jambo moja: ukiwazuia mafundi wa ufa, yaani PARP, seli zisizo na BRCA hufa, na seli zenye BRCA huendelea kuishi.

Kabla ya hapo, dawa za kuzuia PARP zilifikiriwa zaidi kuwa za kusaidia kemotherapi. Sasa ilionekana zinaweza kufanya kazi zenyewe, ikiwa mgonjwa ana saratani ya aina inayofaa. Baadaye iligunduliwa pia kwamba dawa hizi hazimfukuzi fundi wa ufa. Zinamnasa pale pale kwenye ufa, akawa kizuizi njiani, na kunakili DNA kukazidi kukwama.

Ningependa mkae na jambo hili kidogo. Kasoro ile ile iliyoianzisha saratani ndiyo udhaifu wake. Na kwa kuwa seli nyingine za mwili wa mgonjwa bado zina ile jeni moja nzima ya BRCA, zina fundi wa ukuta, na zinaweza kustahimili dawa. Tofauti hiyo kati ya seli mbovu na seli nzima ndiyo imekuwa ngumu kupatikana katika matibabu ya saratani. Kemotherapi nyingi na tiba ya mionzi, ile watu huita kuchomwa, pia huua seli kwa kuharibu DNA. Ila hupiga seli nzima pamoja na mbovu, na ndiyo maana nywele hunyonyoka na damu hupungua.

Hapa pia pana jibu kwa wanaouziwa poda na sharubati sokoni kwa madai kwamba "zinakarabati DNA" na hivyo kuponya saratani. Dawa hizi za kweli hufanya kinyume. Zinaizuia seli ya saratani isijikarabati. Mtu akikuambia ana chupa ya kukarabati DNA ya mgonjwa wako, mwulize inajuaje seli ya kukarabati na seli ya kuacha.

Wagonjwa wamepata nini

Dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa ni ile ambayo jina lake kwenye pakiti ni olaparib. Iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwezi wa Desemba 2014 kwa saratani ya ovari yenye hitilafu ya BRCA. Ni tembe za kumeza mara mbili kwa siku. Baadaye zikaja dada zake: rucaparib, niraparib na talazoparib. Leo zinatumika pia kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti, tezi dume na kongosho.

Nitawapa mifano miwili ya majaribio, kwa sababu nambari hutusaidia kutofautisha dawa na uvumi.

Mfano wa kwanza ni wa saratani ya ovari. Wanawake 391 waliokuwa na saratani iliyokwisha kuenea, wote wakiwa na hitilafu ya BRCA, walitibiwa kwanza kwa kemotherapi, na wengi wao kwa upasuaji pia. Saratani ilipopungua au kutoonekana, wakagawanywa: baadhi walipewa olaparib, wengine tembe isiyo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2018. Baada ya miaka 3, wanawake 60 kati ya kila 100 waliomeza dawa walikuwa hai bila saratani kurudi au kuendelea. Kwa wale wengine walikuwa 27 kati ya 100. Walipofuatiliwa hadi miaka 7, waliokuwa hai walikuwa takriban 67 kati ya 100 kwa walioanza na dawa, na takriban 47 kati ya 100 kwa walioanza bila dawa.

Mfano wa pili ni wa saratani ya matiti iliyogunduliwa kabla haijaenea mbali. Wagonjwa 1,836 wenye hitilafu ya BRCA walimaliza kwanza upasuaji na kemotherapi, kisha wakapewa olaparib kwa mwaka mmoja au tembe isiyo na dawa. Matokeo ya mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba baada ya miaka 3, takriban 86 kati ya kila 100 waliomeza dawa walikuwa hai bila saratani kurudi. Kwa wale wengine walikuwa 77.

Sasa wewe uliye na mgonjwa nyumbani anayengoja tembe, sikia jambo moja katika mifano hii yote miwili: wote walipata kemotherapi kwanza. Hakuna aliyeambiwa aache dripu akae akisubiri. Anayeacha matibabu ili angoje tembe anaweza kuikosa tembe na matibabu pia.

Mipaka yake

Dawa hizi zina mipaka, na ni haki yenu kuijua.

Kwanza, nguvu yake kubwa iko kwa saratani yenye kasoro ya ukarabati, hasa ya BRCA. Penye fundi wa ukuta mzima, faida yake ni ndogo au haipo. Kwa hivyo kipimo cha jeni huja kabla ya dawa. Hufanywa kwa damu au mate, au kwa kipande cha uvimbe wenyewe. Daktari wa saratani ndiye anayeelekeza kipimo hicho, si muuzaji wa dawa.

Pili, zina madhara: uchovu, kichefuchefu, na upungufu wa damu unaohitaji mgonjwa apimwe damu mara kwa mara. Mara chache, huweza kuleta ugonjwa mbaya wa uboho au saratani ya damu. Mja mzito hapaswi kuzitumia.

Tatu, saratani ni mjanja. Kwa wagonjwa wengine, baadhi ya seli hupata badiliko jipya linaloirudisha BRCA kazini. Fundi wa ukuta amerudi, na dawa inaacha kufanya kazi.

Nne, ni ghali kuliko uwezo wa familia nyingi, na hazipo katika zahanati na vituo vyetu vya afya. Mgonjwa anayezihitaji huelekezwa na daktari bingwa katika hospitali kubwa ya rufaa. Kabla familia haijauza shamba au kuitisha mchango, ifike kwenye dawati la SHA hospitalini iulize ni huduma zipi za saratani zinazolipiwa na kwa kiwango gani. Na ili ulipiwe, lazima uwe umejisajili na michango yako iwe sawa. Jisajili ukiwa mzima.

Hili linatuhusu vipi hapa kwetu

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Profesa Olufunmilayo Olopade, mzaliwa wa Nigeria anayefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzake, walipima jeni za zaidi ya wanawake 1,100 wenye saratani ya matiti nchini Nigeria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila 7 alikuwa amerithi hitilafu katika jeni ya kumweka mtu katika hatari ya saratani. BRCA1 pekee ilikuwa asilimia 7, na BRCA2 asilimia 4. Watafiti waliofuata wagonjwa wa Uganda na Cameroon nao wakapata picha inayokaribiana na hiyo. Jirani yetu yuko hivyo. Hatuna sababu ya kudhani kwamba sisi hatuhusiki.

Hapa Kenya, makadirio ya mwaka wa 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yalikuwa wagonjwa wapya takriban 42,000 na vifo takriban 27,000. Saratani ya matiti iliongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya. Na madaktari wetu wanasema kila siku: wengi hufika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ukoo wa baba pia

Sasa nazungumza na wahamasishaji wa afya, ninyi mnaobisha hodi katika nyumba zetu. Hatuwezi kuleta maabara ya jeni katika kila wadi leo. Lakini chombo cha kwanza kabisa cha kumtafuta mwenye hitilafu hii hakina bei. Ni historia ya ukoo, ikisemwa bila kufichwa.

Kuna kosa moja tunalifanya karibu sote. Mama akiugua saratani ya matiti, tunauliza: mama yake je, dada zake je? Tunasahau upande wa baba. Hitilafu ya BRCA haichagui. Baba akiwa nayo, kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Mwanamume anaweza kuwa nayo asiugue kamwe, akaipitisha kwa binti yake. Kwa hivyo shangazi ana uzito sawa na mama mdogo. Nyanya mzaa baba ana uzito sawa na nyanya mzaa mama. Na mwanamume naye hayuko salama: hitilafu hii, hasa ya BRCA2, huongeza hatari ya saratani ya tezi dume, na wanaume wachache hupata hata saratani ya matiti.

Maswali ya kuuliza katika familia ni matano:

1. Kuna mtu, upande wa mama au wa baba, aliyeugua saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 50?

2. Kuna aliyeugua saratani ya ovari, kwa umri wowote?

3. Kuna mwanamume aliyeugua saratani ya matiti?

4. Kuna mtu mmoja aliyeugua matiti yote mawili, au titi na ovari?

5. Upande mmoja wa ukoo una watu wawili au zaidi waliougua saratani ya matiti, ovari, tezi dume au kongosho?

Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, mwandikie mtu huyo rufaa. Si kwamba ana saratani. Ni kwamba daktari anapaswa kuijua habari hiyo. Aliyethibitishwa kuwa na hitilafu hufuatiliwa kwa karibu, huchunguzwa akiwa na umri mdogo kuliko wengine, na hushauriwa kuhusu njia za kujikinga, zikiwemo za upasuaji. Na akiugua, daktari anajua mapema kwamba tembe hizi huenda zikamfaa.

Najua majibu hayatakuja kwa urahisi. Marehemu wengi hawakupata kuambiwa wanaugua nini. Utaambiwa "alikufa kwa tumbo", au "tumbo lilivimba likajaa maji", au "alirogwa na mke mwenzake". Usibishane na wazee. Andika kama ulivyoambiwa, andika na umri. Tumbo kujaa maji huenda kulikuwa ini, huenda kulikuwa ovari. Daktari atapima.

Na tukumbushane dalili. Kwa titi: uvimbe, ngozi kukunjamana, chuchu kurudi ndani au kutoa damu. Kwa ovari: tumbo kujaa, kushiba haraka kuliko kawaida, maumivu ya nyonga, kwenda haja ndogo kila mara, mambo haya yakiendelea kwa wiki kadhaa. Kina mama, kipimo cha mlango wa kizazi ni muhimu sana, kifanyeni, lakini hakionyeshi saratani ya ovari. Ukiwa umepimwa mlango wa kizazi ukaambiwa uko sawa, na tumbo bado linajaa, rudi hospitalini.

Kwa kumalizia, mtakaporudi vijijini mkaulizwa kuhusu ile tembe, semeni hivi: ipo, ni ya kweli, hufanya kazi kwa saratani iliyopoteza fundi wake wa ukuta, na njia ya kuifikia inaanzia kliniki. Aliye kwenye dripu asiache dripu. Aliye na uvimbe asingoje uume. Na kila familia ikae Jumapili moja, wa upande wa mama na wa upande wa baba, waandike ni nani waliougua, waliugua nini, na walikuwa na umri gani. Karatasi hiyo ipelekeni hospitalini.

 Sasa nawakaribisha madaktari wetu waje mbele, wajibu maswali yenu.